Dresa Akiinuka

Siku tuliyomzika, kila aliyenishika mkono kunipa pole alinitajia umri wake. "Kaishi, mwanangu. Kaishi hasa." Walisema hivyo makaburini, wakasema tena barazani tulipokaa matanga, na muuza kahawa mmoja wa makamo, aliyekuwa akimtania miaka yote, alitikisa kichwa akasema kwamba mwisho wa yote mwenye kikombe chake kashinda. Mimi nilikaa kwenye mkeka nikitazama chini. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa na aibu ya kuwa na hasira matangani, halafu nikakasirika zaidi kwa sababu ya ile aibu. Ndivyo nilivyo. Jambo ambalo mwenzangu hulifikiri mara moja akalala, mimi hulifikiri mpaka likaota kutu.

Naandika kwa sababu siku ile sikusema kitu. Walimsifu kwa miaka yake, na hakuna aliyetaja miaka ya Shangazi.

Mji mzima wa Bagamoyo ulimwita Dresa. Kazi yake ya kufunga vidonda na kuchoma sindano ilikuwa imekwisha kabla mimi sijaletwa kwake, lakini kila asubuhi alivaa kaptura yake ya kaki iliyonyooshwa kwa pasi, akaenda wodini kusaidia, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia abaki nyumbani. Alikuwa mrefu na mwembamba, shingo imesimama kama ya mtu anayechungulia ukuta wa jirani. Mkewe alikuwa dada wa baba yangu. Baba alikuwa mkulima wa Fukayosi, na nilipofaulu kuingia darasa la tano, ambalo kwetu halikuwepo, alinileta mjini nikae kwa dada yake nisome. Nilikaa miaka mitatu. Katika miaka hiyo nilishiba siku moja tu ndani ya nyumba ile, na nyumba ilikuwa na chakula.

Hilo ndilo la kueleza, maana msomaji wa bara huenda asinielewe. Kwetu watu hula pamoja kwenye sinia moja. Mkubwa ndiye anayeanza, na mkubwa akinyanyua mkono na kuomba maji ya kunawa, wadogo wote hunyanyua mikono, aliyeshiba na asiyeshiba. Kwa hiyo mkubwa mwenye adabu hashibi mapema. Hata akishiba huuacha mkono wake siniani, anachezea tonge, anaokota punje mbili tatu, anazungumza habari za mvua, mpaka aone wadogo na wageni wamelegea. Baba hakwenda shule hata siku moja, lakini sijapata kumwona akiinuka mbele ya mtu mwenye njaa.

Dresa alikula matonge saba. Niliyahesabu mchana na jioni kwa miaka mitatu, kwa hiyo sikosei. Akimeza la saba husema alhamdulillahi, akanyoosha mkono kwenye maji.

Kwenye nyumba nyingine za mji ule wanaume walikula ukumbini na wanawake wakala uani na watoto, na uani hakuna aliyekuwa na haraka. Dresa aliamuru sisi tule pamoja, yeye, Shangazi na mimi, sinia moja, mkeka mmoja. Majirani walimsifu. Walisema tazameni mtu anavyompenda mkewe, hali bila yeye. Mimi pia niliona hivyo kwa muda wa wiki moja. Kisha nikaelewa kwamba uani Shangazi angekula bila kuonwa, na siniani, Dresa akiinuka, Shangazi anainuka.

Somo lake lilikuwa fupi, na alilirudia kwa yeyote aliyesimama. Kila chakula kina moto ndani yake. Madaktari wanaupima moto huo, wanauita kalori. Mwili unahitaji kidogo tu. Ukiutia mwingi, unaobaki hugeuka mafuta, mafuta yanaubana moyo, na moyo unasimama. Ukiutia kidogo, mtu anapungua, anakuwa mwepesi, na siku zake zinarefuka. Alikuwa na kikombe cheupe cha bati chenye mistari ya kupimia, kilichotoka naye hospitali alipostaafu, na mchele wa nyumba nzima ulipita humo. Juu ya mstari wa pili haukuvuka. Alikuwa pia na kipande cha gazeti la zamani, kimekunjwa mpaka kimeanza kukatika, kilichoeleza kwamba panya waliolishwa kidogo waliishi kuliko panya walioachwa wale wapendavyo. Alikitoa mfukoni kama mtu anavyotoa hati ya shamba.

"Dresa," muuza kahawa alimwuliza siku moja mbele ya watu, "huyo panya aliyeongezewa siku, alizifanyia nini?"

"Aliishi."

"Wapi?"

"Kizimbani. Walikuwa wanamchunguza."

"Akipimiwa chakula."

"Akipimiwa, ndiyo."

"Basi mwache yule aliyeshiba afe zake. Lete kikombe nikumiminie."

Watu walicheka, na Dresa alicheka nao, maana hakuwa mtu wa kununa. Hilo nalo linaniudhi. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mkali. Hakuwahi kunipiga, hakuwahi kuninyima daftari, na nilipougua homa alikesha akinibadilishia kitambaa cha maji kichwani. Alitushindisha na njaa kwa upole, akituita kwa majina mazuri.

Na kuna jambo jingine lazima niliseme, hata kama linanipunguzia hoja. Nilipofika Chuo Kikuu nilikwenda maktaba kutafuta makosa yake. Nilitaka nikute ameandikwa mahali kwamba ni mpumbavu. Nikakuta kwamba mafuta na moyo ni kweli, sukari na unene ni kweli, hata wale panya ni kweli. Nilifunga kitabu nikakaa nacho mapajani kama mtu aliyepokea barua mbaya. Tangu siku hiyo ninajua kwamba mtu anaweza kuwa na ukweli mkononi na bado akaushika kama fimbo.

Mjini walishamzoea. Kwenye maulidi na harusi vijana walitazama kwanza Dresa kakaa wapi, ndipo wakachagua pao. Sinia lake lilibaki na wageni wasiomjua. Kuna harusi moja wageni hao walikuwa wanaume watatu kutoka Mapinga, ndugu wa bibi harusi, watu wa heshima zao. Walikaa naye, wakampa nafasi ya mkubwa. Matonge saba, Dresa akainuka. Wale watatu walitazamana, wakainuka naye, wakanawa, wakatoka kukaa nje. Sinia likarudi uani na nyama juu yake kama lilivyotoka.

Wanawake walifunua kawa, mmoja akasema, "Wamesusa."

Neno lile lilipita uani kwa kasi ya moto. Watu wa bibi harusi wamesusa pilau. Mpishi alionja chungu, akaonja tena, akaanza kulia. Baba wa bwana harusi alitoka mwenyewe nje kuomba radhi, na wale watatu, kwa kuona haya kusema kwamba wana njaa, wakasema wameshiba sana, na kusema kwao wameshiba kwa matonge saba kukazidi kuharibu. Alishaanza kuitwa mshenga. Ndipo bibi mmoja akauliza, "Kwani walikaa na nani?"

"Na Dresa."

Uani kukawa na kicheko kilichosikika mpaka barabarani. Wakapakua sinia jingine, wakawapeleka wale watatu chumba cha nyuma, wakafunga mlango. Dresa alipoambiwa alisema tu kwamba amewaokoa watu watatu kwa mchana mmoja.

Kisa hicho kilisimuliwa tena matangani, na watu walicheka huku wakijifuta machozi. Mimi sikucheka. Wale wa Mapinga walikuwa na chumba cha nyuma. Sisi hatukuwa nacho.

Sasa nieleze habari za Shangazi. Nilipofika alikuwa mwanamke mnene, mwenye mikono iliyojaa na bangili ya fedha iliyomkaa sawasawa, na kicheko cha kuanzia tumboni. Kwetu mke mnene ni sifa ya mumewe. Watu wanamtazama wanajua kwamba nyumba ile haina dhiki. Dresa alimtazama akaona ugonjwa.

Kila Ijumaa baada ya swala alimpeleka kwenye ghala la mbata, zile nazi zilizokaushwa, kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa na mizani kubwa ya kupimia magunia. Shangazi alipanda juu ya ubao ule na buibui lake, mbele ya mahamali wenye vifua wazi, na Dresa akasogeza chuma cha mizani taratibu, akainama, akasoma, akaandika kwenye daftari. Mahamali walikuwa watu wa utani.

"Bei ya leo vipi, Dresa?"

"Mkavu huo au bado una maji?"

Dresa hakuwajibu. Nadhani hata hakuwasikia, alikuwa anasoma ratili. Shangazi alishuka akicheka ndani ya buibui. Nyumbani aliniambia, "Leo nimepungua ratili nne, mwanangu. Sijui zimekwenda wapi. Ukiziona njiani unirudishie." Kisha akakaa jikoni akiuelekea ukuta, akakuna nazi moja kwa muda ambao wengine wangekuna tatu.

Baba alikuja baada ya mavuno ya mwaka wangu wa pili, na magunia ya mpunga na kunde, kama alivyokuja kila mwaka. Alimkuta dada yake amebaki nusu. Walipokaa barazani alimwuliza Dresa.

"Shemeji, dada yangu anaumwa?"

"Haumwi, shemeji. Anapona."

"Anapona ugonjwa gani?"

"Ambao haujampata bado."

Baba alikuwa mtu wa maneno machache, na Kiswahili chake kilikuwa na Kikwere ndani yake, ambacho watu wa mjini walikicheka.

"Mimi nilikupa mtu mzima," alisema. "Kama chakula kimekuwa shida, sema. Mimi nalima."

"Chakula kipo. Katazame stoo."

"Nimeitazama. Ndiyo sababu nauliza."

Shangazi alitokea mlangoni akasema, "Kaka, acha. Mimi sijambo." Na sinia likaletwa, likayakata mazungumzo.

Tulikula wanne. Dresa alimaliza saba zake, akashukuru, akanyoosha mkono kwa maji. Shangazi akainuka naye, kwa mazoea. Mimi nilishaanza kuunyanyua mkono wangu. Baba hakuinuka. Mkono wake ulikaa pale pale siniani, akanitazama mimi, akasema kwa sauti ndogo, "Mimi bado." Akaokota punje, akaweka kinywani. Akaokota nyingine. Nikaelewa, nikala. Dresa alisimama mlangoni na mikono inachuruzika maji, mwenye nyumba aliyemwacha mgeni wake siniani, hajui aende wala arudi. Baba alikaa hivyo mpaka nikashindwa kumeza. Hiyo ndiyo ile siku moja niliyoitaja.

Baada ya Baba kuondoka nilimwuliza Shangazi kwa nini anakubali. Alikuwa anakwangua sufuria. Alisema, "Mwenzangu aliyenitangulia katika nyumba hii alianguka harusini, na sahani mkononi. Mnene kuliko nilivyokuwa mimi. Dresa alikuwepo, na mkoba wake wa dawa alikuwa nao, na asiweze kitu. Ndiyo maana." Akakwangua kidogo. "Baba yako ananipenda, lakini hajapata kunihofia. Huyu ananihofia usiku na mchana. Wewe bado mdogo, hujui mtu anavyoweza kulipenda jambo kama hilo."

Kisha akanipa ukoko.

Ukoko wa wali, ule ulioshika chini ya sufuria, Dresa hakuuhesabu kuwa chakula. Haukupita siniani, kwa hiyo haukuwa na mkubwa wala mdogo. Shangazi aliubandua kila jioni, akauloweka kwa tui kidogo, akaniletea uani. "Wewe unasoma. Kichwa kinakula kuliko tumbo." Nilimwuliza kama yeye amepata. Alisema amepata. Sikumwuliza amepata saa ngapi, ilhali sufuria ilikuwa moja na mimi ndiye niliyekuwa nimeishika.

Nimelifikiri hilo mara nyingi kuliko mtihani wowote niliowahi kufanya.

Nilisema Dresa hakuwa mkali. Lazima niseme pia kwamba kuna watu aliowashibisha. Siku moja walimu walinituma hospitali kumpelekea barua, nikamkuta wodi ya watoto, wale waliovimba miguu kwa kukosa chakula, nywele zimekuwa kama za mahindi. Alikuwa amekaa kitandani kwa mtoto mmoja na bakuli la uji. Mtoto alikataa kufungua mdomo. Dresa alichota kijiko akakipeleka kinywani kwake mwenyewe, akajifanya anakula, akasema ni mtamu, akachota tena akampa mtoto. Kimoja chake cha uongo, kimoja cha mtoto cha kweli. "Kula. Babu hana haraka." Nilisimama na ile barua mkononi muda mrefu. Uji ulikwisha, akaomba mwingine. Nilirudi shule nikiwa na wivu, na niliona haya, maana niliyemwonea wivu ni mtoto anayekaribia kufa.

Mwaka wa sabini na nne mvua zilikosekana. Baba hakuwa na cha kuleta mjini, na mjini unga wa njano uligawiwa kwa foleni. Mimi nilikuwa Chuo Kikuu, nakula mara tatu kwa siku kwenye bwalo. Nilipokuja likizo nilimkuta Dresa barabarani, karibu na duka, anatembea kando ya foleni ya wanawake waliokuwa pale tangu alfajiri. Alikuwa anawafundisha. Aliwaambia wasisikitike, kwamba mwili una akili, kwamba mwaka huu ukipita watajikuta wepesi na mioyo yao ina nguvu, na wengine wataishi kuwaona wajukuu wa wajukuu.

Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Dresa, wewe njaa umeichagua, kama mtu anavyochagua kofia dukani. Sisi tumevalishwa."

Hakuna aliyecheka. Nilimshika Dresa mkono nikamrudisha nyumbani, na njiani nilimchukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu yeyote, na mkono wake ulikuwa mwepesi kama wa ndege.

Nyumbani kikombe kilijazwa sasa chini ya mstari wa kwanza. Matonge yalikuwa matano. Bangili ya Shangazi ilipanda mpaka karibu na kiwiko na kushuka kila aliponyanyua mkono. Nilimletea mkate na maziwa ya kopo kutoka Dar es Salaam. Aliyatia maziwa ndani ya kabati, akasema ni ya wageni.

Nilitaka kumwambia aondoke. Nilitaka kumwambia twende Dar es Salaam, nina rafiki ana chumba Magomeni, au twende Fukayosi, huko angalau kuna mihogo na hakuna anayeipima. Niliyapanga maneno. Nikaona kwamba nikisema mbele ya Dresa nitamvunjia heshima, na nikisema nyuma yake nitakuwa namtorosha mke wa mtu. Nikafikiri kwamba huenda amekonda kwa sababu mji mzima umekonda. Nikafikiri kwamba Dresa ndiye aliyesoma mambo ya mwili, mimi nasoma historia. Nilifikiri likizo nzima. Siku ya kuondoka alinisindikiza mpaka stendi, akasimama ananitazama kama anayengoja kitu, nikambusu mkono, nikapanda basi.

Alifariki kabla ya muhula kwisha. Homa, siku tatu. Nilifika baada ya maziko. Muuguzi mmoja wa hospitali, mama mtu mzima, alinivuta pembeni akaniambia, "Homa yenyewe ilikuwa ya kawaida, mwanangu. Hakuwa na akiba tu."

Maneno hayo nimeyabeba tangu siku ile. Hakuwa na akiba. Nani aliyeila? Kikombe? Ule mwaka? Au mimi, jioni baada ya jioni, miaka mitatu, na tui juu yake? Nimejaribu kupiga hesabu ya ukoko wote ule, na kila nikikaribia mwisho nakasirika na kuanza upya, maana hata hesabu yenyewe ni ya Dresa, yeye ndiye aliyenifundisha kumtazama mtu nikaona ratili.

Yeye aliendelea kuishi. Nilipata shahada, nikapata kazi ofisini Dar es Salaam, na kila mtu aliyetoka Bagamoyo alinipa habari zake kama sifa: bado anatembea, bado anasoma bila miwani. Nilikaa zaidi ya miaka miwili bila kwenda. Kisha nikaandika maswali manne kwenye karatasi, nikayaandika upya mara tatu ili yasiwe na matusi, nikaenda.

Ilikuwa mchana. Alikuwa anatunzwa na mpwa wake, mwanamke mjane aliyehamia kumpikia. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka ule ule, mgongo umenyooka, lakini ngozi ya uso ilikuwa imeingia mifupani, na tumbo, aliniambia mpwa wake mlangoni, lilikuwa halipokei tena kitu isipokuwa uji mwepesi. Kikombe kilikuwa kimetundikwa ukutani kwenye msumari. Buibui alikuwa amefuma ndani yake.

"Shikamoo, Baba," nilisema, maana naye nilimwita hivyo tangu nilipoletwa kwake.

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa."

"Kidogo."

"Ndivyo inavyoanza."

Alicheka, na mimi karibu nicheke, nikajizuia. Karatasi ilikuwa mfukoni mwa shati. Kabla sijaitoa, mpwa wake alileta sinia. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, mlima mzima, kama mtu anavyomwandalia mgeni. Nilidhani Dresa ataniacha nile peke yangu. Alikunja mkono wa kanzu, akasema bismillahi, akatia mkono siniani.

Mimi hula haraka. Wenzangu ofisini hunicheka, wanasema nakula kama mtu anayefukuzwa. Ni mkono wangu tu, ulijifunza hivyo miaka ile mitatu, kupata ninachoweza kabla ya tonge la saba. Siku ile nilianza vivyo hivyo, na kama zamani nikaanza kuhesabu matonge yake. Moja. Mbili. Nilipofika nne niliona kwamba hayafiki kinywani. Alifinyanga tonge, akalibonyeza, akaliweka chini. Akaokota punje, akazisogeza upande wangu. Akafinyanga tena. Niliendelea kuhesabu mpaka saba, nikaanza kuunyanyua mkono wangu.

Hakuinuka.

"Taratibu, mwanangu," alisema. "Mkono wangu upo."

Nilikula. Sijui nieleze vipi. Nilikula wali ule na samaki yule, na mzee yule asiyeweza kumeza alikaa mbele yangu akichezea tonge moja, akiniuliza habari za ofisi, akiniuliza kama Dar es Salaam mvua imenyesha, mpaka nikashiba. Alifanya kama Baba alivyofanya. Alifanya vizuri kuliko Baba, kama alivyofanya kwa yule mtoto wodini. Na nilipokwisha kushiba ndipo hasira ilipokuja yote, maana miaka yote nilikuwa nimejipa faraja moja, kwamba labda mtu huyu hakujua. Labda alilelewa bila kufundishwa, labda vitabu vilimsahaulisha.

"Baba," nilisema, "hili la kukaa, umejifunza lini?"

"Kukaa vipi?"

"Kuuacha mkono."

Alinitazama kama niliyeuliza jua linatokea wapi. "Hili mtu anajifunza? Tumekuta wazee wanafanya."

"Ulilijua, kumbe."

"Nani asiyelijua?"

"Na Shangazi?"

Mkono wake ulisimama juu ya wali. Maswali yangu manne yalikuwa mfukoni, na nikaona kwamba yote yalikuwa hilo moja. Vidole vyake vilikuwa vyembamba, na punje zilikuwa zimeganda kwenye kucha.

"Yeye nilitaka abaki," alisema.

Sikumwambia pole, na sikumwambia alichofanya. Ningeweza kusema nimeshiba, alhamdulillahi, nikamwachia apumzike. Mgeni akishukuru, mkubwa huachiliwa. Sikushukuru. Niliuacha mkono wangu siniani naye akauacha wake, tonge lake limekauka na kupasuka, mgongo wake umeanza kutetemeka kwa kukaa. Alikuwa ananingoja mimi, na hakuinuka.

Mpwa wake alitoka uani na birika la maji na beseni. Aliona sinia, akaona mikono yetu haitembei, akasita.

"Nimimine?"

Dresa alinitazama.

"Bado," nilisema. "Bado tunakula."